Kwa miguu kutoka Nainokanoka hadi Ziwa Natron

Mkuu, umeuliza kama siku tatu zinatosha, na kama mnaweza kwenda wenyewe. Wenyewe hapana. Kule kwenye nyanda za juu za Ngorongoro kuna nyati na chui, kwa hiyo lazima mwende na askari mwenye silaha, na kibali cha Mamlaka ya Ngorongoro kishughulikieni mapema. Siku tatu zinawezekana, ila mimi ningeweka nne, mpate nafasi ya kushuka kreta ya Empakaai hadi kwenye ziwa lililo ndani yake. Msitu wa kwenye kuta zake tu unatosha kumtoa mtu nyumbani.

Mizigo inabebwa na punda wa Wamaasai wa huko, hivyo tumieni mabegi laini. Usiku pale ukingoni mwa kreta ni baridi kali, lakini mkishakipita kijiji cha Nayobi kuelekea Ngare Sero, kijiji kilicho kando ya Ziwa Natron, joto linawapokea, na majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai yanaingia mpaka kwenye soksi. Mteremko huo ndio unaomaliza magoti. Msitegemee maji ya njiani, kila mtu abebe lita nne au tano. Lengai yenyewe, karibu mita 2,960, hupandwa usiku kukwepa jua. Msiipange usiku uleule mnaofika, pumzikeni kwanza. Nendeni kati ya Juni na Oktoba, mvua zikiwa zimekatika.