Sahihisha Mahali Pamoja: Kutunza Taarifa za Nyimbo Kwenye Kompyuta, Simu na Redio ya Gari

Mtu anayetunza muziki kwenye kompyuta, kwenye simu na kwenye flashi ya gari hukutana mapema na tatizo hili: anasahihisha jina la mwimbaji upande mmoja, lakini upande wa pili jina la zamani linabaki, na baada ya kusawazisha vifaa (kuvifanya viwe na mafaili yaleyale) mara kadhaa kosa lile linarudi hata pale lilipokuwa limekwisha kufutwa. Ninaishi Lubumbashi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya muziki wa Katanga na rumba ya Kinshasa kwa ajili ya familia yangu, kwa hiyo haya ninayoyaandika ni yale ninayoyafuata mwenyewe. Ushauri wangu mkuu ni kwamba uchague kifaa kimoja tu cha kufanyia masahihisho, uhakikishe masahihisho yanaandikwa ndani ya faili lenyewe, kisha mabadiliko yatoke hapo kwenda kwenye vifaa vingine na yasirudi kutoka huko.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima kwanza kujua taarifa za wimbo hukaa wapi. Katika faili la MP3, jina la wimbo, la mwimbaji na la albamu huandikwa katika tagi, yaani kipande cha maelezo kilicho ndani ya faili, iitwayo ID3. Toleo la kwanza lilibuniwa mwaka 1996, nalo ni kipande kidogo cha baiti 128 kilichowekwa mwishoni mwa faili, ambamo jina la wimbo, la mwimbaji na la albamu kila moja limepewa nafasi ya herufi 30 tu. Mwaka 1998 likaja toleo la pili, ambalo hukaa mwanzoni mwa faili, halina kikomo hicho, na linaweza kubeba hata picha ya jalada. Mafaili mengi ya zamani yana tagi zote mbili kwa pamoja, na hapo ndipo matatizo mengi huanzia. Kompyuta inasoma tagi ya pili, redio ya gari ya bei nafuu huenda ikasoma ya kwanza, na wewe unayesahihisha moja bila nyingine unaona majina mawili kwa wimbo mmoja. Ukiandika “Luambo Makiadi na T.P. O.K. Jazz”, yaani mwimbaji na bendi yake, katika tagi ya kwanza, kifaa kitakuonyesha “Luambo Makiadi na T.P. O.K. Ja”, kwa sababu nafasi imekwisha. Mimi huziondoa kabisa tagi za toleo la kwanza, isipokuwa kwa mtu ambaye redio yake haijui nyingine.

Kuna vilevile suala la herufi zenye alama za Kifaransa, ambazo sisi wa Kongo hatuwezi kuzikwepa. Édouard Masengo, mpiga gitaa wa Katanga, huonekana kwenye baadhi ya vifaa kama “Ã‰douard”, na kwenye vingine akapangwa mwisho wa orodha baada ya Z. Faili halijaharibika, ila kifaa kimesoma herufi kwa mfumo tofauti na ule zilioandikwa nao. Toleo la ID3v2.3, mojawapo ya matoleo ya tagi ya pili, likiandikwa kwa mfumo wa herufi wa UTF-16 ndilo nililoliona likisomwa vizuri na vifaa vingi zaidi, wakati ID3v2.4, ambalo ni jipya zaidi na linakubali mfumo mwingine wa herufi, UTF-8, bado huvishinda vifaa vya zamani. Programu za kusahihisha tagi kama Mp3tag na Kid3 hukuruhusu kuchagua toleo na mfumo wa herufi mara moja kwa mafaili yote, na chaguo hilo likishafanywa lisibadilishwe tena.

Hata hivyo, ufundi huo wote hausaidii kama wewe mwenyewe hujaamua jina lipi ni sahihi, na kwa muziki wetu uamuzi huo ni mgumu kuliko watu wanavyodhani. Mpiga gitaa aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930 ameandikwa kwenye sahani za santuri na kanda mbalimbali kama Jean-Bosco Mwenda, Mwenda Jean Bosco, Bosco Mwenda na Mwenda wa Bayeke, na simu haijui kwamba huyo ni mtu mmoja. Itamgawa kuwa waimbaji wanne. Tabu Ley, mwimbaji wa rumba, alijulikana kwanza kama Rochereau, na mwaka 1972, majina ya Kikristo yalipopigwa marufuku Zaire (Kongo ya leo), jina la Tabu Ley ndilo likashika nafasi. Bendi iliyoanzishwa mwaka 1956 kama OK Jazz baadaye ikaitwa TPOK Jazz. Je, uandike jina lililokuwa kwenye sahani wakati ule, au jina moja kwa kazi zote? Mimi nimechagua jina moja kwa sehemu ya mwimbaji, na jina la kwenye sahani nikaliweka katika sehemu ya maelezo, kwa sababu historia ile ina thamani na sitaki ipotee. Mtu mwingine anaweza kuchagua kinyume chake bila kukosea. Kosa ni kuchanganya njia zote mbili katika mkusanyo mmoja.

Ndiyo maana nashauri kwa dhati kwamba kabla ya kufungua programu yoyote uandike daftari la majina: kila mwimbaji na jina lake ulilolikubali, pamoja na alama, nukta na nafasi zake. Uandike kama ni “OK Jazz” au “O.K. Jazz”, kama mgeni aliyeshirikishwa ataandikwa katika jina la wimbo au katika jina la mwimbaji, na kama utatumia “na” au “&”. Mjomba wangu wa mtaa wa Kamalondo, ambaye anafahamu muziki huu kuliko mimi, ndiye ninayemwuliza pale ninapokuwa na shaka, na jibu lake linaingia katika daftari siku hiyohiyo.

Sehemu moja ambayo watu wengi huiacha tupu ni ile ya mwimbaji wa albamu, ambayo ni tofauti na sehemu ya mwimbaji. Albamu yenye nyimbo za wageni mbalimbali ikikosa sehemu hiyo, vifaa vingine huivunja vipande vipande, kila mgeni na albamu yake yenye wimbo mmoja. Jaza hapo jina la bendi au la mwenye albamu kwenye nyimbo zote bila kubadilisha hata herufi moja. Kuhusu aina ya muziki sitasema mengi: orodha ya awali ya aina 80 ya mwaka 1996 ina namba ya reggae lakini haina rumba, muziki ambao, kama rumba ya Kongo, UNESCO imeuweka katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu tangu Desemba 2021. Toleo la pili linakuruhusu kuandika neno “Rumba” mwenyewe, basi liandike.

Sasa tufike kwenye usawazishaji, ambako makosa hujificha zaidi. Programu nyingi za kusawazisha hazisomi yaliyomo katika faili. Zinalinganisha ukubwa na tarehe ya mabadiliko, na vikilingana huliruka faili hilo. Lakini tagi ya ID3 ya toleo la pili kwa kawaida huachiwa nafasi tupu ya akiba, ili jina likirefuka kidogo lisilazimishe faili zima kuandikwa upya, na kwa sababu hiyo unaweza kubadilisha jina la mwimbaji huku ukubwa wa faili ukibaki uleule. Ikiwa programu yako ya kusahihisha imewekewa chaguo la kuhifadhi tarehe ya zamani, basi ukubwa haukubadilika, tarehe haikubadilika, na programu ya kusawazisha haina njia ya kutambua kwamba umefanya kazi. Zima chaguo hilo. Kama unalihitaji kwa sababu nyingine, sawazisha kwa kulinganisha yaliyomo badala ya tarehe. Programu za kusawazisha za Rsync na FreeFileSync zote zinaweza kufanya hivyo, ingawa huchukua muda mrefu zaidi.

Tarehe zenyewe nazo si za kuaminiwa bila uangalifu. Flashi na kadi nyingi hutumia mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT32, ambao huandika saa ya mahali ulipo bila kusema ni ya ukanda gani, tena kwa hatua za sekunde mbili. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Ndugu akija na kompyuta yenye saa ya Kinshasa na kuchomeka flashi iliyoandikwa huku, mafaili yote yanaweza kuonekana kuwa yamepishana kwa saa moja, na programu inayofuata kanuni ya “lililo jipya lishinde” inaweza kurudisha majina ya zamani juu ya mapya. Hii ndiyo sababu ninasisitiza mwelekeo mmoja. Programu ya kusawazisha ya Syncthing, kwa mfano, inakuruhusu kuifanya kompyuta iwe ya kutuma tu na simu iwe ya kupokea tu, na kwa kuwa inaweza kufanya kazi kupitia waifai ya nyumbani bila intaneti, haitumii megabaiti zako.

Usisahihishe kwenye simu, hata kama programu ya kucheza muziki inakupa kitufe cha kufanya hivyo. Baadhi ya programu za simu huandika masahihisho katika hifadhidata yao wenyewe tu na kuliacha faili kama lilivyokuwa, na ukiifuta programu au ukibadilisha simu kila kitu kinapotea. Ukitaka kujua programu yako iko upande gani, sahihisha wimbo mmoja, unakili kwenye flashi, kisha uufungue kwa programu ya kucheza muziki ya VLC kwenye kompyuta. Ukiona jina la zamani, umepata jibu. Unapoona kosa ukiwa njiani, liandike katika daftari na ulirekebishe ukifika kwenye kompyuta.

Hali ya kinyume nayo hutokea: faili kwenye simu limekwisha kupokea jina jipya, lakini simu bado inaonyesha la zamani, kwa sababu Android hujenga orodha yake ya muziki na kuisoma hiyo badala ya kufungua kila faili. Mara nyingi kuwasha simu upya au kuiambia programu ya muziki ikague nyimbo tena hutosha. Nyota ulizozipa nyimbo na hesabu ya mara ulizozisikiliza ni jambo jingine, kwani kwa kawaida hukaa katika hifadhidata ya programu na hazisafiri na faili, kwa hiyo usizitegemee kupanga mkusanyo wako.

Kabla ya kusahihisha mafaili mengi kwa mara moja, weka nakala kwenye diski ya nje na uiondoe kwenye kompyuta. Jalada kubwa likiongezwa, akiba ile ya nafasi haitoshi, faili zima huandikwa upya, na umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo kwenye kompyuta isiyo na betri nzuri, wimbo unaweza kuharibika. Hapa kwetu umeme hukatika bila kutoa taarifa, na baadhi ya kanda tulizozigeuza kuwa mafaili hazipatikani tena.

Nyimbo zinazotoka kwa watu wengine, iwe ni kijana wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, anayejaza flashi au shemeji anayetuma kwa WhatsApp, zisiingie moja kwa moja katika mkusanyo. Ziwekee folda yao nje ya ile inayosawazishwa, zipitishe kwenye daftari la majina, ondoa matangazo ambayo wauzaji huyaandika katika sehemu ya albamu, na kila wimbo ukishakuwa tayari ndipo uuhamishie ndani. Nami ninapompa ndugu nakala ya mkusanyo, ninamnakilia na daftari hilo kama faili la maandishi katika folda ileile, ili naye akiongeza nyimbo zake aandike majina kama nilivyoyaandika mimi.