Mtoto wa Jamshid si Sultani

Ndugu yangu, umeuliza kama mtoto mkubwa wa marehemu Jamshid, Sultani wa mwisho wa Zanzibar, sasa ndiye Sultani. Hapana. Seyyid ni jina la heshima la kuzaliwa: watoto wa ukoo wa masultani wanalo, na Mapinduzi hayakuwavua. Usultani ni kiti, na kiti kilivunjwa tarehe 12 Januari 1964. Jamshid mwenyewe watu waliendelea kumwita Sultani kwa heshima, kwa kuwa aliwahi kukikalia, mpaka alipofariki Oman mwisho wa 2024. Heshima hiyo hairithiwi.

Na hata enzi zile, mtoto hakurithi moja kwa moja. Sultani Majid alipofariki 1870 alishika nduguye, Barghash. Barghash alipofariki 1888 alishika nduguye mwengine, Khalifa bin Said. Khalid, mtoto wa Barghash, alipojitangaza mwenyewe Sultani Agosti 1896, Waingereza walilipiga jumba la Sultani mizinga, akakimbilia kwa Wajerumani. Alikufa Mombasa 1927, na wazee bado wanamtaja Seyyid Khalid. Kwa hiyo hata kiti kingekuwepo leo, kuwa mtoto wa Jamshid peke yake kusingetosha.

Ukiwaandika watu wa ukoo huu, tafadhali andika Seyyid Fulani bin Fulani, kama wenyewe wanavyoitana. Hili la kuwaita "Prinsi" silipendi hata kidogo, linawavisha desturi ya Ulaya. Jamshid muandike "Sultani wa mwisho wa Zanzibar", maana hilo ni kweli na halimvunjii mtu heshima.