Kabla ya kugusa modeli, kagua nyaya
Ndugu, unasema Pt100 (kihisi joto cha platinamu) kwenye kikaushio chako cha jua inasoma karibu nyuzi 3 juu ya makadirio ya modeli yako ya hesabu, na msimamizi wa uzamivu anataka ubadilishe modeli. Subiri kwanza. Pt100 ina ukinzani wa omu 100 kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, na huongezeka takriban omu 0.385 kwa kila nyuzi. Ukiiunga kwa nyaya mbili zenye jumla ya omu 1, tayari umejiongezea nyuzi 2.6! Unga kwa nyaya nne, ili ukinzani wa nyaya usihesabiwe, kisha itumbukize kwenye barafu safi inayoyeyuka uone inasoma ngapi. Tafadhali, usirekebishe kigawo cha upitishaji joto cha modeli sasa hivi. Kosa la waya litajificha humo na kuharibu makadirio yote yanayofuata.