Jibu: Mmea ukirudufisha jenomu yake yote, mbona haufi?

Ndugu wa Masaka, Uganda, umeuliza mambo mawili. Mmea ukirudufisha kromosomu zake zote (nyuzi zinazobeba jeni, ambazo kwa pamoja ndizo jenomu) kwa mkupuo, mbona haufi? Na ukiitia miche yako ya kahawa ya Robusta dawa ya kurudufisha, utapata punje kubwa? Nimefanya kazi vitaluni, kwanza huku mlima Elgon, baadaye huko kwenu, kwa hiyo nitajibu kwa kahawa.

Robusta ina kromosomu 22, yaani seti mbili za 11. Arabika yetu ya Bugisu ina 44, na wazazi wake ni wawili: Robusta yenyewe na Coffea eugenioides, kahawa ya porini ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Chotara wa spishi mbili kwa kawaida huwa tasa. Wakati wa kutengeneza chavua kila kromosomu hutafuta mwenzake wa kupangana naye, na za upande wa baba hazifanani vya kutosha na za mama. Jenomu nzima ikirudufika, kila moja inapata pacha, na chotara anazaa. Utafiti wa jenomu wa 2024 unakadiria Arabika ilizaliwa hivyo kati ya miaka 350,000 na 610,000 iliyopita.

Matokeo yake unayaona kitaluni. Huku tunaotesha Arabika kwa mbegu na miche inafuata mama, kwa sababu ua hujichavusha lenyewe. Robusta huikataa chavua yake. Ukiipanda kwa mbegu unapata shamba la kila sura, ndiyo maana kwenu mnatumia vikonyo, yaani vipande vya tawi. Kujichavusha mara nyingi huandamana na kurudufika, wala si ajabu: mche wa kwanza wenye seti nne, uliozungukwa na wenye seti mbili, ungeolewa na nani?

Ila gharama ipo. Ukoo ulioanzia kwenye mlango mwembamba kiasi hicho, kwa miche michache tu, una tofauti chache za kurithi, na ugonjwa wa kutu ya majani umeutesa sana. Kinga ilitoka kwa mzazi uleule wa zamani: kisiwani Timor, Robusta na Arabika zilizaana zenyewe, na damu ya chotara huyo imo hata katika Ruiru 11 ya Kenya, iliyotolewa 1985. (Matoke, ndizi zetu za kupika, ni kesi nyingine kabisa: seti tatu, kromosomu 33, haigawanyiki sawasawa, ndiyo maana huoni mbegu. Wazalishaji wetu huanza kwa kupata mgomba wa seti nne, kisha wanarudi kwenye tatu.)

Wapo wanaosema kurudufika kuliinusuru mimea miaka milioni 66 iliyopita, dinosaria walipotoweka, kwa kuwa marudufu mengi yanaangukia karibu na wakati huo. Nakala ya ziada ya jeni kweli inaweza kubadilika na kupata kazi mpya huku ya kwanza ikiendelea na ile ya zamani. Mimi nakubali nusu. Nakala nyingi hupotea tu, na tunaohesabu leo ni waliosalia. Waliorudufika wakafa bila kizazi hawana wa kuwasemea. Hata Robusta yako, ya seti mbili, inabeba alama za jenomu iliyowahi kuzidishwa mara tatu, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita.

Kuhusu dawa: kolchisini inarudufisha kweli, na ni sumu, usiichezee nyumbani. Seli huwa kubwa, jani nene, lakini mti mara nyingi hukua polepole na kuzaa kidogo. Tena hapo umerudufisha seti zilezile za Robusta, hujaleta mzazi wa pili, na kwa Arabika huyo ndiye aliyeleta mapya. Ukiwa na hela, nunua miche ya KR (Kituza Robusta) inayostahimili ugonjwa wa mnyauko, ile iliyotoka kituo cha utafiti wa kahawa cha Kituza.