Je, Mungu bado huwapa Wakristo maono?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Dada mmoja katika kikundi chetu cha maombi ameniambia kwamba Bwana amemwonyesha katika maono nivunje uchumba wangu, eti huyu kijana si wa mapenzi ya Mungu. Mwalimu wetu wa Biblia anasema nisimsikilize, kwa kuwa maono yalikwisha na mitume. Mimi mwenyewe sijaona kitu. Je, Mungu bado anawaonyesha watu maono? Na kama ni hivyo, nimtii huyu dada?

JIBU: Amina, binti yangu. Umeuliza mawili, nami nayajibu tofauti. Ndiyo, naamini Mungu bado humwonyesha mtu maono apendapo. Na hapana, hulazimiki kuvunja uchumba kwa sababu mwenzako ameona maono.

Mwalimu wako hajajitungia hoja. Ungamo la Imani la Westminster la mwaka 1646 linasema kwamba zile njia za kwanza ambazo Mungu alizitumia kuwafunulia watu wake mapenzi yake sasa zimekoma, na makanisa mengi ya Kipresbiteri yamelishika hadi leo. Wana sababu ya kuhofu. Katika karne ya pili, kule Frigia, Montano pamoja na Priska na Maksimila walidai Roho anasema kupitia wao, na kanisa likapasuka. Tangu hapo kila kizazi kimekuwa na mtu wa namna hiyo.

Lakini andiko linalosema maono yamekoma silioni. Wengi hukimbilia 1 Wakorintho 13, kwamba unabii utabatilika ijapo ile iliyo kamili. Soma mpaka mstari wa 12: Paulo anazungumzia wakati tutakapoona uso kwa uso, na wakati huo haujafika. Siku ya Pentekoste Petro alinukuu Yoeli kwamba katika siku za mwisho vijana wataona maono na wazee wataota ndoto, na siku hizo za mwisho bado tumo ndani yake. Tena katika Matendo si mitume peke yao walioona. Anania wa Dameski alikuwa mwanafunzi tu, na Kornelio, akida wa Kirumi asiye Myahudi, alikuwa hata hajabatizwa.

Huyo Kornelio ndiye ningependa umtazame kwa makini, Matendo 10. Malaika anamtokea mchana, saa tisa. Anamwambia nini? Anampa anwani: tuma watu Yafa, ukamwite Simoni aitwaye Petro, anakaa kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, nyumba yake iko pwani. Basi. Malaika hakumhubiria Injili ingawa alikuwa amesimama mbele yake. Injili ilimngoja mhubiri mwenye vumbi la safari miguuni. Na Petro naye, aliyeona katika maono nguo kubwa ikishuka na wanyama ndani yake mara tatu, hakuelewa. Luka, mwandishi wa Matendo, anasema alikuwa bado anaona shaka maana yake nini, wale wajumbe wakabisha hodi. Maana, kwamba asimwite mtu yeyote najisi, ilifunguka alipofika kwa Kornelio, akasikia habari za upande wa pili, na Roho akawashukia wote. Hata hapo hakuachwa hivihivi: sura ya 11 inaonyesha akihojiwa na ndugu wa Yerusalemu, naye akajieleza hatua kwa hatua akiwa na mashahidi sita. Mtume mzima! Leo ukimwuliza mtu kidogo tu kuhusu maono yake, unaambiwa unapinga Roho.

Nawe una jambo la karibu zaidi katika Matendo 21. Hapo ni unabii, si maono, ila kanuni ni ileile. Nabii Agabo alichukua mshipi wa Paulo, akajifunga mikono na miguu, akasema hivi ndivyo mwenye mshipi huu atakavyofungwa Yerusalemu. Habari hiyo ilikuwa ya kweli. Ndugu wote wakahitimisha kwamba asiende, wakamsihi kwa machozi. Paulo akaenda. Hakumwita Agabo mwongo, wala hakuyachukua mahitimisho ya wapendwa wake kuwa amri ya Mungu.

Kwa hiyo mrudie huyo dada kwa upole, umwulize: uliona nini hasa? Mtu? Mahali? Ulisikia maneno gani? Ukimwacha aseme alichokiona tu, bila tafsiri, mara nyingi utakuta picha ni ndogo na maelezo ni mengi. Mfungo mrefu, kukosa usingizi katika mikesha na hofu juu ya mtu umpendaye vinaweza kabisa kuleta picha akilini, bila mtu kuwa mwongo. Yeremia 23 inawataja wanaonena maono ya mioyo yao wenyewe.

Halafu mwulize waziwazi kama kuna jambo amelisikia kuhusu huyo kijana. Wapo watu wanaoona haya kusema "nimesikia ana mke", wakasema "nimeonyeshwa". Kama lipo, lichunguze kama unavyochunguza habari yoyote. Ulipaswa kuyachunguza hayo hata pasipo maono: imani yake, ukweli wake, hasira zake, madeni yake, anavyowatendea wasio na cha kumlipa.

Mwisho, peleka jambo hili kwa wazee wa kanisa, na huyo dada awepo. Paulo aliagiza manabii wanene na wengine wapambanue (1 Wakorintho 14:29), na kwa Wathesalonike akaunganisha yote mawili: msitweze unabii, jaribuni mambo yote. Akikubali kupimwa, msikilize kwa heshima hata kama mwishoni hamtakubaliana. Akikataa, au akikutishia kwamba utapata laana usipotii, hapo huna tena sababu ya kuendelea na mazungumzo hayo.