Ukikutana na "holler", usikimbilie "piga kelele"

Nyie mnaoanza kutafsiri sabtaito za filamu za Kimarekani, kuna kitenzi kitakachowasumbua mapema: "holler". Kamusi itakwambia ni kupiga kelele, na ndipo rasimu nyingi ninazohariri zinapoharibikia. Mwenyeji anamwambia mgeni, "Holler if you need anything," mfasiri anaandika, "Piga kelele ukihitaji chochote." Utadhani nyumba imevamiwa na majambazi! Mwenyeji kasema tu, "Ukiwa na shida yoyote, niite."

Kitenzi hiki ni mwito kabla ya kuwa kelele. Kimetoka kwenye "hollo", sauti ya wawindaji wakiwahimiza mbwa, na ukoo wake ni ule wa "holà" ya Kifaransa, neno la kumwita mtu au kumwambia asimame. Kusini mwa Marekani kikapata maisha mapya. Watumwa waliolima mashamba ya pamba, na wajukuu zao baada yao, walikuwa na miito yao: mtu mmoja anavuta sauti ndefu, inapanda, inashuka, inayumba, pengine bila maneno kabisa. Wanaofuatilia historia ya muziki huitaja miito hiyo miongoni mwa mizizi ya bluzi. Huko North Carolina, wakulima waliitana hivyo shamba kwa shamba, na kijiji cha Spivey's Corner kiliandaa mashindano ya miito kuanzia 1969 hadi 2016. Filamu ya mashambani ikiwa na sauti ya namna hiyo, ukiandika "kelele" umeiua.

Kwa hiyo angalia anayeitwa ni nani, yuko umbali gani, na kama kuna hasira. Mama akiwa "hollering at the kids", anawafokea watoto. Ile "at" imeshaingia ndani ya "fokea", usiitafutie neno jingine. Kijana wa mjini akisema "holler at me", anataka umshtue au umcheki, hata kwa simu. Akienda ku-"holler at" msichana, anamtokea. Maneno ya mtaani yabaki ya mtaani, usimvalishe tai.

Ipo methali ya Kusini inayorudi mara kwa mara: "A hit dog will holler." Achana na mbwa wao. Sisi tunalo jiwe letu lililotupwa gizani, ukisikia yowe ujue limempata mtu. Maana ni ileile, na inasomeka upesi kabla mandhari haijabadilika.

Halafu kuna "holler" ya milima ya Appalachia, ambayo hata kitenzi si. Ni "hollow" kwa matamshi ya huko, yaani kibonde kati ya vilima. "She lives up the holler" ni mama anayekaa kule juu bondeni. Nimewahi kuikuta imeandikwa "anaishi juu ya kelele", na mfasiri alikuwa tayari kuitetea.