Waziri amebadilishwa, tuandike barua upya?

SWALI: Shikamoo mzee. Sisi ni kikundi cha akina mama tunaoanika dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Tulimwandikia Waziri kuomba msaada wa vichanja, maana dagaa wa chini wanashika mchanga na bei inaporomoka. Sasa Waziri amehamishwa. Tuanze upya?
Mama Neema, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Msianze upya. Nimekaa masjala ya wizara miaka 26, mawaziri walikuja na kuondoka, majalada yakabaki kabatini palepale.

Waziri wetu lazima awe mbunge, ndivyo Ibara ya 55 ya Katiba inavyotaka. Anasimamia sera na kujibu bungeni. Naibu wake humsaidia, ila si mjumbe wa Baraza la Mawaziri. Katibu Mkuu ni mtumishi wa umma, mtendaji mkuu wa wizara na afisa masuuli: fedha zikitumika vibaya, anayeulizwa ni yeye. Ndiyo maana barua huandikiwa Katibu Mkuu hata kama unayemtaka ni Waziri.

Barua ikifika, karani anaigonga muhuri wa tarehe, anaiandika kwenye daftari, anaitia ndani ya jalada na kuipa namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada hilo. Jalada linakwenda kwa mkurugenzi, naye anaandika dokezo, yaani maoni yake juu ya ombi. Hapo ndipo ombi lenu linapoishi au kufa, mwanangu, na inaniuma nikikumbuka barua nzuri zilizolala kwa kukosa mtu wa kuzifuatilia.

Hata wizara ikivunjwa, jalada halifi. Rais ana mamlaka ya kuunganisha na kugawa wizara. Oktoba 2017 ile ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi iligawanywa kuwa wizara mbili. Mgawanyo wa namna hiyo nimeufanya kwa mikono yangu: tuliketi sakafuni na maboksi, tukichambua jalada moja moja, hili la huku, hili la kule.

Afisa uvuvi mnayemwona hapo mwaloni ni wa halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Wizara inampa miongozo ya kitaalamu tu. Mpeni nakala, lakini msidhani amekwisha kuwafikishia Dodoma.

Andikeni ukurasa mmoja wa kukumbushia, kwa Katibu Mkuu anayeshughulikia uvuvi. Tajeni tarehe ya barua ya kwanza na, kama mlijibiwa, ile Kumb. Na. iliyo juu. Semeni mnataka vichanja vingapi na vya urefu gani. Safari hii bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.